Shikamoo ya Kwenye Kaseti

Mimi na binamu yangu hatukuwahi kuamkiana. Msidhani tuligombana. Mama yake ni shangazi yangu, na kwetu Bagamoyo mtoto wa shangazi ni mtani wako mpaka kaburini, kwa hiyo tulitukanana tangu utotoni na hakuna aliyenuna. Shida ilikuwa shikamoo. Mdogo humwamkia mkubwa, hilo halina mjadala, lakini kati yetu mkubwa nani? Mama yangu aliapa kwamba nilizaliwa mihogo ikipaliliwa. Shangazi akaapa kwamba binti yake alizaliwa mihogo ikichimbwa. Mihogo ya mwaka gani, hakuna aliyekumbuka, na wote wawili wametangulia mbele ya haki bila mmoja kumlegezea mwenzake. Vyeti vya kuzaliwa enzi zile vilikuwa habari za watu wengine.

Basi kwa miaka hamsini na ushei kila tukikutana tulisimama tukitazamana. Yeye anangoja shikamoo yangu, mimi nangoja yake, mpaka mmoja achoke na kusema "Asalaam aleykum", salamu isiyomuuliza mtu umri wake. Ndugu waliozoea walikuwa wanatusogelea harusini makusudi ili wacheke.

Ilikuwa tulimalize jambo hili tukiwa vijana. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi Dar, nimekuja likizo, na mjomba wangu aliyekuwa baharia alirudi na kompyuta ya nyumbani. Siku hizo kitu kama kile hakikuingia bara hivi hivi. Kilipitia Unguja, kimeviringishwa ndani ya kanga, na sisi tuliambiwa tusiulize. Ilikuwa kibodi tu, nyeusi, ya vitufe vya mpira. Unaichomeka kwenye televisheni, na ulichoandika unakihifadhi kwa redio kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya kurekodia taarabu. Televisheni mjomba alikuwa nayo, na mlingoti mrefu wa antena wa kunasa picha za Unguja ng'ambo ya bahari.

Sasa binamu yangu alikuwa hatari kwenye bao. Wanaume wa barazani walikuwa wakimwona anakuja wanakumbuka kwamba wana shughuli. Mimi alinifunga asubuhi, akanifunga mchana, na baada ya alasiri akanifunga huku anamenya vitunguu. Nikafanya anachofanya msomi asiye na haya: nikaiandikia kompyuta programu ya kucheza bao, inipiganie.

"Mashine ikikufunga," nikamwambia, "wewe ni mdogo wangu. Utaniamkia kila siku ya Mungu mpaka mmoja wetu afe."

"Nikiifunga mimi?"

"Nitakuamkia mimi, kwa masharti hayo hayo."

Akakaa mkekani, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Haya, lete jini lako."

Wakacheza. Mashine ilikuwa inafikiri polepole mno, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi. Bao likafika katikati na zamu ikawa ya binamu. Ameinama, anatazama zile namba kwenye televisheni, kila shimo na idadi ya kete zake, mara wakaingia mashangazi wawili na kungwi wake. Harusi yake ilikuwa imekaribia na siku ile ndiyo aliyotakiwa kuwekwa ndani. Walikuwa wamemtafuta mtaa mzima. Wakamshika mikono.

"Usiguse kitu!" akanipigia kelele. "Hifadhi!"

Nikahifadhi. Uzuri wa mashine ile ni kwamba ilikuwa ikiandika kwenye kaseti programu pamoja na hali ya mchezo, kila kete mahali pake. Ilichukua muda wake, inalia ile sauti yake ya kuchoma masikio, na bibi harusi mtarajiwa akagoma mlangoni mpaka iishe. Ilipoisha akajichomoa mikononi mwa shangazi zake, akaitoa kaseti kwenye redio mwenyewe, akaisokomeza kifuani.

"Hii nakwenda nayo," akasema. "Sikuamini hata kidogo."

Akaolewa Ubena, kule njia ya Chalinze, na kaseti ikaenda naye ndani ya sanduku. Kompyuta nayo haikudumu. Chumvi ya pwani iliila, sisimizi wakamalizia, na mjomba akaitupa bila hata kuniuliza. Nilikasirika wiki nzima. Hivyo ndivyo tulivyobaki, mimi na mtani wangu, na asalaam aleykum zetu.

Siku hizi nimestaafu, naishi Mapinga na mke wangu, nafuga kuku na kugombana na majirani wapya wanaojenga kuta ndefu kuliko nyumba zao. Mwaka huu binamu akapiga simu. Yeye ni mjane sasa, na ana binti yake mmoja anayeishi Dar.

"Binamu," akasema, "wamenikuta na uvimbe tumboni. Wanataka kunipasua. Daktari ananizungusha maneno, kwa hiyo najua si mdogo."

Nikasema Mungu ni mwema, nikasema siku hizi madaktari wana vifaa.

"Acha hotuba. Ile kaseti ninayo. Tafuta njia tumalize bao letu. Siingii kwenye kisu na kitu kinaning'inia."

Mimi nikiogopa huwa mbishi, mke wangu atawaambia. "Kompyuta yenyewe imekwisha oza!" nikamfokea mgonjwa.

"Wewe si fundi? Au vile vyeti vyako uliviokota?"

Basi nikaingia kazini. Kumbe duniani kuna watu wengi wenye maradhi kama yangu, na wameandika programu iitwayo emuleta. Unaiweka kwenye laptopu, nayo inaifanya laptopu ijifanye ni mashine ile ya kale, kwa akili zake ndogo na udhaifu wake wote. Nilipoifungua, ile skrini nyeupe tupu yenye mstari mmoja wa maandishi chini ikanitokea, vile vile, nikapiga ukelele mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi.

"Nyoka?"

"Hapana! Tazama!"

Akatazama. "Hakuna kitu hapo," akasema, akarudi kwenye wali wake.

Mashine ile ilikuwa na kiburi chake: ukibonyeza herufi moja inakuandikia neno zima la amri. Nilikuwa nimesahau. Nikawa naandika jina langu linatoka agizo la kuchora mstari, najaribu kufuta linatoka jingine. Lakini vidole vilikumbuka kabla ya kichwa, na baada ya siku chache nilikuwa naichezea tena, nimejaa furaha ambayo kwa umri wangu ni aibu.

Kilichobaki ni kaseti. Nikamwambia ampe dereva wa basi ailete. Thubutu! "Miaka yote hii nimekunyima wewe, leo nimpe dereva?" Akasema ataicheza kwenye redio yake, airekodi kwa simu, anitumie kama ujumbe wa sauti. Nikaona ni wazo zuri. Kaseti si sauti tu? Emuleta inasikiliza sauti ile, inaigeuza kuwa programu.

Ujumbe ukaja. Nikauingiza kwenye laptopu, nikabonyeza, mimi na mke wangu tukasikiliza.

"Bismillahi rahmani rahim. Asalaam aleykum, binamu. Habari za Mapinga? Mkeo hajambo? Kuku wanataga? Sisi huku tunamshukuru Mungu, mvua imegoma tu, haya, sasa nawasha..." Ndipo ule ukelele wa kaseti ukaanza, na jogoo juu yake, na katikati mtu anapiga hodi na binamu anamjibu, "Karibu, karibu, kaa hapo kwenye kigoda, narekodi kompyuta."

Emuleta ikabaki kimya. Nikampigia simu, nikamwambia maneno hayatakiwi.

"Yaani niingie tu bila salamu?" akasema. "Mimi sikulelewa hivyo. Na nimeisalimia vizuri, mbona haikuitika?"

Nikamwomba, nikamsihi. Ujumbe wa pili ulianza na "Mashine, hujambo?" Wa tatu hakusema neno, ila alipumua kwa hasira mwanzo mpaka mwisho ili nijue. Emuleta ikakataa wote watatu. Nikaituhumu kaseti, nikamtuhumu jogoo, nikamtuhumu na marehemu mjomba. Hatimaye nikajipiga kofi la kichwa. Simu ikituma ujumbe wa sauti huwa inaukamua kwanza ili uwe mwepesi, inatupa yale ambayo sikio la binadamu haliyahitaji. Na katika yale yanayotupwa ndimo zilimokuwa kete zetu. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya mawasiliano, na jambo hilo lilinichukua wiki.

"Ilete mwenyewe," nikamwambia. "Upitie kwetu kabla ya kwenda Dar."

Akaja. Nilikuwa nimejiandaa na kejeli yangu ya mlangoni, lakini alivyoshuka ile kejeli ikanikauka. Alikuwa amekonda. Gauni limemzidi, shingo imekuwa ya mtoto. Akaniona nimemwona.

"Funga mdomo, nzi wataingia," akasema. Kisha tukasimama, tukatazamana, kama kawaida yetu. "Asalaam aleykum," akasema, na mke wangu akacheka hadi akashika ukuta.

Kaseti ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Redio ya kaseti nilikuwa nimeazima kwenye madrasa ya jirani, wanayochezea kaswida. Nikasafisha kile kichwa chake cha kusomea kaseti kwa pamba na spiriti, nikaunga waya kutoka tundu la redio hadi kwenye laptopu. Mara ya kwanza haikukubali. Nikapunguza sauti, haikukubali. Kuna kiskrubu kidogo sana kando ya kile kichwa, ukikizungusha kidogo sauti inakuwa kali au inafubaa, nikawa nakizungusha huku ukelele unalia na wanawake wameziba masikio.

"Hapo!" binamu akasema. "Rudi nyuma kidogo. Hapo! Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikilia kwa mjomba."

Mistari ya rangi ikaanza kutembea pembeni ya skrini. Mwisho sauti ikakatika, na mashine ikaandika kwamba iko tayari. Mimi kwa furaha nikaipa amri ya kuanza, na ubao wa bao ukatokea, mzuri, umepangwa upya, mchezo haujaanza.

"Kete zangu!" binamu akapiga yowe. "Umezifanyaje kete zangu?"

Hapo nikakumbuka. Amri ile inafagia kila kitu na kuanza upya. Ukitaka kuendelea ulipoachia inabidi uiambie mashine irukie moja kwa moja kwenye mstari wa kuchezea. Nikamwambia atulie, kaseti haijaguswa. Akasema atatulia nikitulia mimi. Tukairudisha kaseti mwanzo, tukasikiliza ule ukelele wote tena, na safari hii nikaandika amri iliyo sawa.

Likatokea bao letu. Binamu akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Akawa anataja mashimo moja baada ya jingine, na kila idadi aliyoitaja akaikuta. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa namweleza mke wangu jinsi kijana wa umri ule kuandika programu kama ile ilivyokuwa si jambo la kawaida, na mke wangu alikuwa anaitikia "enhe" zake za kila siku.

"Nimeuona mtaji," binamu akasema.

Mtaji ni ule mchezo wa kula kete za mwenzio. "Cheza basi."

Akanyoosha kidole, akakirudisha. "Sichezi leo. Hifadhi."

"Umekuja na ugonjwa wako kutoka Ubena, tumesumbuka na..."

"Mgonjwa ni mimi. Hifadhi, nikirudi tutamaliza."

Nikahifadhi, nimenuna. Nikaelewa nilivyotaka kuelewa: kwamba ameshinda, na ananiachia nikae na hofu ya kumwamkia. Asubuhi binti yake akaja na gari kumchukua. Alipokuwa anaingia, namna alivyoushika mlango kwa mikono yote miwili, ikanijia kwamba huenda ndiyo basi. Nikajikuta nimesema mbele ya watu wote:

"Shikamoo."

Dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita ndiye peke yake ambaye hakushangaa. Binamu akageuka, macho makali.

"Unanizika?"

"Aa, mimi nime..."

"Sikuitikii. Shikamoo ya huruma mpe bibi yako. Twende, mwanangu."

Gari likaondoka. Mke wangu akanishika mkono, akaniongoza ndani.

Siku ya kupasuliwa sikuweza kukaa. Nikafungua laptopu, nikaliita lile bao ili nione huo mtaji aliouona. Nikajaribu kila shimo, mchezo baada ya mchezo, najichezea upande wake. Hakukuwa na mtaji wa kumwokoa. Kila alikoweza kwenda, mashine ilikuwa inamla, na safu yake ya mbele inabaki tupu. Nikajaribu tena toka mwanzo. Binamu yangu alikuwa amefungwa tangu siku ile ya mashangazi.

Nikawaza kwamba macho yake hayaoni vizuri tena, maskini, amejidanganya. Na nikawaza jambo jingine: mstari mmoja tu wa amri, kete mbili nizihamishe, akirudi ashinde. Nilikuwa nimekwisha weka kidole. Mke wangu akasimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza akaielewa skrini ile.

"Thubutu," akasema. "Anazijua moja moja."

Nikaondoa kidole. Adhuhuri binti yake akapiga: ametoka, uvimbe umetolewa wote, anapumua, ameuliza kama kuku wa Mapinga wamekula. Nikaenda bandani nikalia, kuku wakanizunguka wakidhani nimeleta pumba.

Akaja kwetu kupumzika kabla ya kurudi Ubena. Siku alipoweza kukaa wima, baada ya alasiri, akasema niwashe. Nikamwambia si lazima, apone kwanza. Akanitazama tu, nikawasha.

Akacheza bila kusita. Mashine ikafikiri, polepole vile vile, maana imefunzwa kuigiza hata uzee wake, kisha ikala. Akacheza tena. Ikala tena. Safu ya mbele ya binamu ikabaki tupu, na chini ya skrini likatokea neno nililoliandika nikiwa kijana mpumbavu: NIAMKIE.

Mke wangu akanitazama vibaya. Mimi nikataka kusema kwamba haihesabiki, alikuwa anaumwa, programu ina kasoro. Na kasoro zimo kweli.

"Nilijua," binamu akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile, kabla kungwi hajanishika mkono. Unadhani kwa nini niliiba kaseti, mjinga wewe? Ningekuachia ungenitangaza Bagamoyo nzima mimi nikiwa ndani nimepakwa liwa."

"Na juzi ulisema umeuona mtaji!"

"Niliangalia kama miaka imeniongezea akili, nikaona bado nimekufa. Nikasema afadhali niende kwenye kisu na deni la salamu. Mtu mwenye deni lazima arudi. Halafu wewe na wema wako unataka kunilipia mlangoni! Ningeiitikiaje shikamoo yako, na aliyefungwa ni mimi?"

Akasimama. Nikamwambia akae, mshono. Hakukaa. Akaweka mkono mmoja tumboni penye kidonda, akainamisha kichwa kidogo kama tulivyofunzwa.

"Shikamoo, kaka."

Neno nililolingoja tangu utoto. Jibu lake ni neno moja, hata mtoto wa chekechea analijua, na mimi sikuliona. Mke wangu akaniminya bega.

"Marahaba," nikasema mwishowe.

"Haya," akasema, akakaa, uso umeng'aa. "Umekubali ukubwa mbele ya shahidi. Na wakubwa ndio hutangulia. Mimi mdogo wako nitakuja kukuzika, nile pilau."

Amerudi Ubena. Kila asubuhi anapiga simu, anasema "Shikamoo, babu" kwa sauti ya kusikika mashamba ya jirani, naitika, ananitukana kidogo, anakata. Sijawahi kujisikia mzee kiasi hiki.

Juzi simu haikulia. Jua likapanda, chai ikapoa, nikakaa kizingitini na simu mkononi, nikamwambia mke wangu kwamba ni mtandao, na mke wangu akasema ndiyo, ni mtandao. Ilipolia nikabonyeza na kupayuka kabla hajasema lolote:

"Marahaba! Marahaba!"

Nikasikia anacheka, taratibu, kwa sababu ya mshono.

"Sijakuamkia bado, mtani. Ngoja zamu yako."